Midomo Ishirini na Saba, Soko Moja

Desemba 14, 2023, wakuu wa nchi za Umoja wa Ulaya walikuwa wamekwama mjini Brussels. Swali lililowakwamisha lilikuwa kama waanze mazungumzo ya kuipokea Ukraine kuwa mwanachama. Nchi 26 zilikuwa tayari. Hungary ilikataa, na katika jambo la aina hiyo kura moja ya kukataa inatosha kuizika hoja. Olaf Scholz, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, akamshauri Waziri Mkuu Viktor Orbán atoke kidogo nje ya ukumbi, akanywe kahawa. Orbán akatoka, waliobaki wakapitisha uamuzi. Usiku huohuo alirudi na kuzuia euro bilioni 50 za kuisaidia Ukraine, fedha ambazo zilipita Februari 1, 2024 baada ya wiki kadhaa za kubembelezana na kutishana.

Kisa hicho kimesimuliwa sana, na wachambuzi wengi wa huku kwetu wamekitumia kuonyesha kwamba Umoja wa Ulaya ni jitu lisilo na meno. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mwaka huohuo, Juni 29, ilianza kuwa sheria kanuni ya Umoja huo inayopiga marufuku kuingiza sokoni kwake kahawa, kakao, ng'ombe, mawese, soya, mpira na mbao, pamoja na bidhaa zitokanazo nazo, kama zimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kuipitisha hakukuhitaji kumtoa mkuu wa nchi yeyote ukumbini. Na mkulima wa kahawa wa Kagera au wa Mbale, ambaye pengine hajawahi kumsikia Orbán, atafikiwa na kanuni hiyo kabla ya kufikiwa na tamko lolote la kisiasa kutoka Brussels.

Kwa maoni yangu tunausoma Umoja wa Ulaya kinyumenyume. Tunatumia nguvu nyingi kubishana na matamko yake na kuhesabu misaada yake, maeneo ambayo kauli zake zinagongana na ahadi zinayumba. Masharti ya kuingia sokoni kwake tunayaachia maofisa wachache wa wizara za biashara na kilimo, tena wasio na bajeti ya safari.

Tofauti hii haitokani na hulka ya kiongozi huyu au yule. Imeandikwa kwenye mikataba. Biashara ya nje ni mamlaka ya Umoja peke yake: Ujerumani haiwezi kujadiliana ushuru na Kenya, wala Ufaransa na Tanzania. Kamisheni ya Ulaya ndiyo inayokaa mezani kwa niaba ya nchi zote 27. Kanuni za soko hupita kwa wingi wa kura, yaani asilimia 55 ya nchi zenye angalau asilimia 65 ya watu wa Umoja, pamoja na idhini ya Bunge la Ulaya. Mambo ya nje ni habari nyingine. Tangu yalipoingizwa kwenye Mkataba wa Maastricht wa 1992 yamebaki mikononi mwa serikali za nchi wanachama, na serikali hizo hazijataka kuiachia haki yao ya kupinga. Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika Desemba 1, 2009, ulileta Mwakilishi Mkuu mwenye idara yake ya kidiplomasia na ofisi zilizotapakaa duniani. Catherine Ashton, Federica Mogherini, Josep Borrell, na sasa Kaja Kallas, wote wamekutana na ukuta uleule: mabalozi wanao, lakini neno zito hawawezi kulisema mpaka miji mikuu 27 iafiki.

Gaza ilianika jambo hili kuliko mgogoro mwingine wowote wa miaka ya karibuni. Oktoba 9, 2023, siku mbili baada ya shambulio la Hamas, Kamishna Olivér Várhelyi alitangaza kwenye mtandao wa kijamii kwamba malipo yote kwa Wapalestina yamesimamishwa mara moja, akitaja mpango wa euro milioni 691. Hakuwa ametumwa na nchi wanachama. Mawaziri wa mambo ya nje wa nchi kadhaa waling'aka, na kabla siku haijaisha Kamisheni ikatoa maelezo mengine: hakuna malipo yaliyosimamishwa, kuna mapitio tu. Oktoba 27 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura kuhusu kusitisha mapigano kwa sababu za kibinadamu. Nchi 8 za Umoja wa Ulaya zilikubali, 4 zikakataa, 15 hazikuelemea upande wowote. Umoja uliokuwa umezunguka Afrika mwaka mzima wa 2022 ukizitaka nchi zetu zichukue msimamo ulio wazi kuhusu Ukraine, uligawanyika sehemu tatu ulipofika kwenye mtihani wake.

Usicheke sana, msomaji. Machi 2, 2022, kura ya kulaani uvamizi wa Ukraine ilipopigwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na wanachama sita. Kenya na Rwanda zilikubali, huku Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zikijizuia kupiga kura upande wowote. Nasi tuna mkataba unaotutaka tuwe na sera ya nje ya pamoja.

Mashariki mwa Kongo panaonyesha kwa undani zaidi mkanganyiko huu ukikutana na maslahi. Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya ulitia saini makubaliano ya ushirikiano wa madini ya kimkakati na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Februari 19, 2024, miezi minne tu baadaye, ukatia saini makubaliano ya aina hiyohiyo na Rwanda, wakati wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa tayari wamekwisha kuripoti kwamba wanajeshi wa Rwanda wanawasaidia waasi wa M23 ndani ya Kongo. Kinshasa ilikasirika hadharani, na ilikuwa na haki. Juu ya hayo, mfuko wa amani wa Umoja ulikuwa umeipa Rwanda euro milioni 20 Desemba 2022 kwa ajili ya wanajeshi wake walioko Cabo Delgado, Msumbiji, na Novemba 2024 ukaongeza milioni 20 nyingine.

Kila uamuzi hapo, ukiutazama peke yake, una sababu. Betri na simu zinahitaji madini, na Ulaya haitaki kuyategemea kutoka China pekee. Cabo Delgado kuna mradi mkubwa wa gesi wa kampuni ya Kifaransa, na wanajeshi wa Rwanda ndio waliofanikiwa kuwasukuma nyuma wapiganaji. Kongo ni nchi kubwa isiyoweza kupuuzwa. Tatizo linakuja ukiyaweka yote matatu kwenye meza moja, na Brussels hakuna mtu mmoja mwenye meza hiyo.

Kisha Goma ikaanguka mikononi mwa M23, mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Februari 13 Bunge la Ulaya lilipiga kura kwa wingi mkubwa kutaka makubaliano ya madini na Rwanda yasimamishwe. Uamuzi wa Bunge katika jambo hilo haumfungi mtu. Mawaziri wa mambo ya nje walipokutana mwishoni mwa mwezi huo kujadili vikwazo, Luxembourg ilivizuia, ikitaka kwanza juhudi za viongozi wa Afrika zipewe nafasi. Nchi yenye watu wasiofika milioni moja ilisimamisha Umoja wa watu wapatao milioni 450. Machi 17 vikwazo vilipita dhidi ya watu tisa na kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu mjini Kigali. Siku hiyohiyo Rwanda ikavunja uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji. Jambo linalonivutia hapa ni kwamba Kigali haikuvunja uhusiano na Umoja wa Ulaya. Iliichagua nchi moja kati ya 27, mkoloni wake wa zamani, ikaipiga hiyo na kuacha milango mingine wazi. Kuna serikali zinazoijua Brussels kuliko Brussels inavyojijua.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu ndizo zinazowapumbaza wengi.

Umoja wa Ulaya na nchi zake, ukijumlisha vyote, ndio mtoaji mkubwa kuliko wote wa misaada ya maendeleo duniani, na ulikuwa hivyo hata kabla Marekani haijaivunja USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025. Historia yake ndefu ina kovu tangu mwanzo. Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya ulizaliwa na Mkataba wa Roma wa 1957, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhudumia makoloni ya nchi wanachama, Ufaransa hasa. Baada ya uhuru ilifuata mikataba ya ushirikiano: wa Yaoundé mwaka 1963, Mkataba wa Arusha ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mwaka 1969, Lomé mwaka 1975 pamoja na nchi 46 za Afrika, Karibiani na Pasifiki, Cotonou mwaka 2000, na wa Samoa Novemba 2023. Lomé ilikuwa na kitu ambacho waliokuja baadaye hawakukipata tena: mfuko wa kufidia nchi bei za mazao zinaposhuka, na ruhusa ya kuuza Ulaya bila kulazimishwa kufungua soko kwa malipo. Wazee wa wizara za biashara bado wanaikumbuka.

Mwaka 2021 mifuko mingi ilikusanywa kuwa mmoja wa euro bilioni 79.5 kwa miaka saba hadi 2027, ambapo zaidi ya bilioni 29 zimetengwa kwa Afrika kusini mwa Sahara. Desemba mwaka huo ukazinduliwa mpango wa Global Gateway, jibu la Ulaya kwa reli na bandari za China, ukiwa na lengo la euro bilioni 300, nusu yake ikiahidiwa Afrika. Hapa inabidi msomaji afungue macho. Bilioni hizo 300 hazipo kwenye kapu lolote. Ni jumla ya ruzuku, mikopo ya benki za maendeleo, dhamana, na mtaji wa kampuni binafsi unaotarajiwa kuvutika. Mradi uliokuwa umeshapangwa miaka mitatu nyuma unaweza kupewa nembo mpya na kuhesabiwa. Waziri wa fedha anayerudi nyumbani akitangaza ameahidiwa mamilioni aulizwe maswali mawili tu: ruzuku ni kiasi gani, na dhamana ya mkopo anaibeba nani?

Sina ugomvi na kuhama kutoka msaada kwenda uwekezaji. Viongozi wengi wa Afrika ndio waliouomba, na Ushoroba wa Lobito unaounganisha migodi ya Kongo na Zambia na bandari ya Angola unaweza kuwa na manufaa ya kweli kama treni itarudi na kitu kingine zaidi ya makontena matupu. Lakini uwekezaji hufuata faida. Hauendi kwenye zahanati ya wilaya isiyo na umeme, wala kwa mwalimu wa shule ya msingi. Kifungu cha 208 cha mkataba unaoongoza kazi za Umoja kinasema lengo kuu la ushirikiano wa maendeleo ni kupunguza, na hatimaye kuufuta, umaskini. Kinaongeza kwamba sera nyingine za Umoja zinazozigusa nchi zinazoendelea lazima zilizingatie lengo hilo. Ni sheria. Ukiuliza imetekelezwaje, linganisha hizo bilioni 79.5 na bajeti ya sera ya pamoja ya kilimo ya Ulaya kwa kipindi hichohicho: karibu bilioni 387. Maziwa ya unga na mapaja ya kuku yanayofika bandari za Afrika Magharibi kwa bei ambayo mfugaji wa huko haiwezi, yanahusishwa na hesabu hiyo ya pili.

Jambo lililoipinda zaidi sera ya maendeleo ni uhamiaji. Baada ya mkutano wa uhamiaji wa Valletta, Malta, Novemba 2015, Umoja uliunda mfuko wa dharura kwa Afrika uliofikia takriban euro bilioni 5. Niger ikawa mwanafunzi bora. Tayari ilikuwa imetunga, Mei 2015, sheria ya kuharamisha usafirishaji wa wahamiaji, na ilipoanza kuitekeleza, mji wa Agadez ukaonja. Kwa vizazi, Agadez imekuwa ikiishi kwa safari: madereva wa pikapu wanaovuka jangwa kwenda Libya, wenye nyumba za kulala wageni, wauza maji, mafundi wa tairi, madalali. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa halali jana na jinai leo. Magari yalikamatwa, madereva wakafungwa, na miradi ya kuwapa shughuli mbadala ilifika kwa wachache. Wahamiaji hawakuisha. Walibadili njia, wakaingia maeneo ya jangwa yasiyo na visima wala mtu wa kuwaokoa. Julai 26, 2023 jeshi likamwondoa Rais Mohamed Bazoum, na Novemba mwaka huo watawala wapya wakaifuta sheria ile. Miaka minane ya fedha na diplomasia ikafutwa kwa amri moja, na watu wa Agadez wakashangilia. Mwanadiplomasia wa Ulaya aliyetaka kujua kwa nini rafiki yake wa Niamey hakuwa na mtetezi mitaani angeweza kuanzia hapo.

Somo hilo halikuwazuia kurudia. Siku kumi kabla ya mapinduzi hayo, Rais wa Kamisheni, Ursula von der Leyen, alikuwa Tunis akishuhudia makubaliano na Rais Kais Saied, yakiwa na euro milioni 105 za kudhibiti uhamiaji. Oktoba Saied alisema nchi yake haipokei kinachofanana na hisani, na akarudisha milioni 60 zilizokuwa zimetumwa. Zikafuata Mauritania na Misri, Machi 2024. Mtu anayeshika lango ana nguvu ya kupandisha bei, na Ulaya imejiundia washika lango kuzunguka Mediterania yote, kila mmoja akijua kwamba kila uchaguzi wa Ulaya unaokaribia humwongezea thamani.

Haya yote yanajadiliwa sana, angalau kwenye magazeti. Sasa nirudi kwenye yasiyojadiliwa.

Oktoba 2022, Josep Borrell alitoa hotuba mjini Bruges akisema Ulaya ni bustani na sehemu kubwa ya dunia ni pori linaloweza kuivamia. Afrika iliwaka, na kwa haki kabisa. Makala ziliandikwa na vipindi vya redio vikajaa, mpaka Borrell akaomba radhi. Desemba 6 ya mwaka uleule, wajumbe wa Bunge na wa nchi wanachama walimaliza mazungumzo ya usiku na kukubaliana maandishi ya kanuni ya ukataji misitu niliyoitaja mwanzo. Ukiacha wafanyabiashara wa kahawa na kakao, huku kwetu hapakuwa na aliyewaka. Tulimjibu mtu aliyetuita pori, tukapitwa na sheria inayohusu misitu yetu yenyewe.

Iangalie kwa karibu. Mnunuzi wa Hamburg au Trieste anayeingiza kahawa lazima awasilishe tamko linaloonyesha viwianishi vya kijiografia vya kila shamba ilikotoka. Shamba la zaidi ya hekta nne lichorwe mipaka yake yote, la chini ya hapo litoshe nukta moja. Akikiuka, faini ya juu haiwezi kuwekwa chini ya asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka ndani ya Umoja. Kisheria mzigo ni wa mnunuzi. Kivitendo mnunuzi anamwambia msafirishaji, msafirishaji anakiambia chama cha ushirika, na chama kinamtuma kijana mwenye simu apite shamba kwa shamba kwenye vilima ambako kahawa imechanganywa na migomba na mipaka inajulikana kwa mti na jiwe. Mkulima mwenye robo hekta hawezi kulipia kazi hiyo. Anayelipa ni kampuni ya kununua, na takwimu zinabaki kwake. Msimu ujao mkulima akitaka kumuuzia mwingine aliyetoa bei nzuri, huyo mwingine hana ramani yake. Kanuni iliyotungwa kulinda msitu inaweza hivyo kumfunga mkulima kwa mnunuzi mmoja, jambo ambalo hata waliopiga kura Brussels hawakulikusudia.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kanuni za soko la Ulaya ni fimbo ya mbali inayoua.

Inaua, lakini pia inakunjika, na yafaa kujua nani huikunja. Kanuni ile ilipaswa kuanza kutumika Desemba 30, 2024. Iliahirishwa mwaka mmoja, kisha ikaahirishwa tena: kwa sasa tarehe ni Desemba 30, 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na Juni 30, 2027 kwa zile ndogo. Malalamiko ya Brazil na Indonesia yalisikika, na ya Marekani pia, lakini waliobonyeza mahali penyewe walikuwa wa ndani: wenye misitu wa Austria, viwanda vya Ujerumani, wabunge wa mrengo wa kulia. Ethiopia na Uganda, ambazo kahawa ni uti wa mgongo wa mauzo yao ya nje, zilitumia muda huo kusajili wakulima kwa haraka na kwa gharama, na waliowahi wakajikuta wametumia fedha kutimiza sharti lililosogezwa mbele. Hakuna fidia kwa mwanafunzi anayefika kabla ya mtihani kuahirishwa.

Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, EPA, ni kesi ya namna hiyohiyo, na hapo sisi wenyewe tulichangia. Mazungumzo kati ya Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki yalimalizika Oktoba 2014. Kenya ndiyo pekee kati ya nchi tano za wakati huo isiyo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, kundi ambalo tangu 2001 huuza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Kwa hiyo bila mkataba Kenya ilikuwa na cha kupoteza na wengine hawakuwa nacho. Ulaya ililijua hilo. Oktoba 1, 2014 maua ya Kenya yakaanza kutozwa ushuru, na hali haikurudi kama zamani hadi Desemba 25. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 1, 2016. Tanzania ilikataa, Rais John Magufuli akiuita mkataba huo aina ya ukoloni, na Bunge mjini Dodoma likaupinga Novemba. Februari 2021 wakuu wa Jumuiya waliruhusu anayetaka aendelee peke yake. Kenya ikaendelea: saini Desemba 18, 2023, utekelezaji Julai 1, 2024.

Nimewasikia watu wakisema Tanzania ilikuwa shujaa na Kenya msaliti, na wengine kinyume chake. Naona kila moja ilipiga hesabu yake vizuri. Tanzania ilikuwa na sababu ya kulinda viwanda vichanga na haki yake ya kutoza ushuru mazao ghafi yanayotoka, na haikuwa na cha kuokoa. Kenya ilikuwa na mashamba ya maua ya Naivasha na maelfu ya ajira. Kilichokosekana ni hesabu ya Jumuiya. Tuna ushuru wa forodha wa pamoja, na sasa mwanachama mmoja amejiwekea ratiba yake ya kupunguza ushuru kwa bidhaa za Ulaya. Maofisa wa forodha wa Namanga na Busia watalazimika kuthibitisha asili ya kila shehena inayovuka kutoka Kenya. Ulaya haikuipasua Jumuiya. Ilikuta ufa na haikuona haja ya kuuziba.

Nitawatendea haki Waulaya katika mawili. Kwanza, msitu unaokatwa ni msitu kweli, na dawa za wadudu zilizozidi kipimo kwenye maharage ya kusafirishwa zimepita kwanza mikononi mwa kibarua wetu aliyezinyunyiza bila glavu. Baadhi ya kanuni hizi zingepaswa kuwa zetu. Pili, kuna kazi ambazo bila fedha za Brussels zisingefanyika. Posho za wanajeshi wa Umoja wa Afrika waliokwenda Somalia kuanzia 2007, wakiwamo Waganda, Warundi na Wakenya, zilitoka huko kwa miaka mingi. Ila hata hapo, mwaka 2016 Ulaya ilipunguza posho hizo kwa asilimia 20, na mwaka huohuo ikasimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, hatua iliyoondolewa Februari 2022. Bujumbura haikubadili siasa zake kwa sababu ya hatua hiyo, na waliobanwa zaidi hawakuwa mawaziri.

Linganisha na bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kali dhidi ya mradi huo. Kampala na Dodoma zilijibu kwa ukali, na wengi wakaamini Ulaya imetaka kuuzuia. Mwenye hisa nyingi kwenye bomba, asilimia 62, ni TotalEnergies ya Ufaransa. Azimio lilikuwa maneno, na mradi ukaendelea. Kama lingekuwa kanuni ya kuzuia mafuta hayo yasiuzwe Rotterdam, benki zingefunga mafaili siku hiyohiyo.

Mchezo unaofuata tayari umeanza. Julai 2025 Kamisheni ilipendekeza bajeti ya 2028 hadi 2034, na ndani yake mfuko mmoja wa nje wa takriban euro bilioni 200 utakaounganisha maendeleo, misaada ya kibinadamu, nchi jirani na zile zinazosubiri uanachama. Mafungu yaliyofungwa kwa shughuli maalumu yamepunguzwa, hivyo Brussels itakuwa huru zaidi kuhamisha fedha kutoka elimu kwenda ulinzi wa mipaka au kutoka Sahel kwenda Ukraine kadiri upepo utakavyovuma. Bajeti hiyo inahitaji nchi zote 27 zikubaliane, kwa hiyo kelele zitakuwa nyingi na magazeti yetu yatazinukuu. Wakati huohuo, kamati za wataalamu zitakuwa zinakaa kupanga viwango vya mabaki ya dawa, kodi ya kaboni (hewa chafu ya viwanda) kwa saruji, chuma, alumini na mbolea kutoka nje, kodi iliyoanza rasmi Januari 2026, na namna ya kuhakiki ramani za mashamba.

Nchi za Jumuiya zina mabalozi wao Brussels, kila mmoja na ofisi yake, bendera yake na barua zake. Ningependa kuwaona wakichangia gharama za watu wanane au kumi tu: mtaalamu wa afya ya mimea, mwanasheria wa biashara, mtu wa takwimu za ardhi, wakae karibu na kamati hizo na warudishe taarifa kabla kanuni haijachapishwa. Na daftari la mashamba ya kahawa liwe mali ya umma kuvuka mipaka yetu yote, ili mkulima abebe ramani yake kwa mnunuzi yeyote anayemtaka. Kwa kampuni kubwa tarehe bado ni Desemba 30, 2026, isipokuwa kama wenye misitu wa Austria watapata njia ya kuisogeza tena.